Makomamanga ya Jabal na mzee aliyetusikia

Kosa letu lilikuwa kudhani soko la Nizwa, huku Oman, halina masikio ya Kiswahili.

Ijumaa ya mwanzo wa mwezi wa tisa, saa moja na nusu asubuhi, mnada wa mbuzi umechangamka kule nyuma, mie na binamu yangu tumesimama mbele ya mzee mmoja kapanga makomamanga chini kwenye kitambaa, mafungu ya sita sita, kila fungu riali tano. Riali tano jamani. Hiyo ni kama dola 13, kwa matunda sita ambayo ukiyaangalia vizuri mawili yamepasuka ubavuni na moja lina baka jeusi kama limezimiwa sigara. Hatua mbili pembeni yupo kijana anauza makubwa, mekundu, yanang'aa kama yamepakwa mafuta ya nazi, nusu ya bei. Nikamgeukia binamu nikamwambia kwa sauti ya kawaida tu, wala sikunong'ona, "Huyu mzee anatupiga bwana, twende kwa yule."

Mzee hata kichwa hakuinua.

"Sikupigi mwanangu. Hiyo si bei ya tunda, bei ya maji hiyo."

Kiswahili cha Unguja kabisa, tena kile cha zamani ambacho siku hizi hata Mjini hukisikii. Nilitamani ardhi ipasuke niingie. Binamu alicheka mpaka kofia ikataka kumdondoka, na mie nikatoa riali tano kimya kimya, nikamwambia mzee nisamehe, akasema hamna neno, kula.

Ungekuwa we ungefanyaje?

## Lile neno

Tuliyala yale makomamanga jioni ile ile, yalikuwa matamu yana ukali kidogo kwa nyuma, punje nyekundu iliyoiva mpaka inakaribia weusi. Matunda yakaisha. Neno la mzee halikuisha.

Bei ya maji. Nikioga nalikumbuka. Mie naishi Muscat, maji ya bombani kwangu ni ya bahari yaliyotolewa chumvi, nafungua yanakuja, mwisho wa mwezi nalipa bili, basi. Sijawahi kuyafikiria maji kama kitu cha kuingia kwenye bei ya tunda. Kwetu Unguja komamanga ni la mti uliojiotea nyuma ya nyumba ya mtu, watoto wanalichuma kabla halijaiva na kupigiwa kelele.

Na shaka nilikuwa nayo, nisijifanye. Inawezekana kabisa yule mzee ni mfanyabiashara mzuri tu, na ile sentensi keshaisema mara mia kwa watu kama mie, mtu kaona haya analipa. Binamu ndo alizidi kunichanganya, akaniambia nusu ya yanayouzwa kwa jina la Jabal, yaani mlima wa Jabal Akhdar ulio karibu na Nizwa, yanatoka Yemen, na ya Yemen wala si mabaya, ila likishafika sokoni kila komamanga linakuwa la Jabal. "Unataka uhakika? Panda mwenyewe ukaone."

Nikakaa nalo wiki tatu. Ya nne tukapanda.

## Birika la ndizi

Njia ya kwenda Jabal Akhdar inaanzia Birkat al Mawz, karibu na Nizwa, na Mswahili hahitaji mkalimani hapo. Birka ni birika, mawz ni ndizi. Na ndizi zipo kweli, chini ya mitende, na katikati unapita mfereji wa Falaj al Khatmeen, mmoja kati ya mifereji mitano ya Oman ambayo UNESCO iliiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Maji yanapita wazi, watoto wanatumbukiza miguu, hakuna anayekuuliza tiketi.

Halafu chekipointi. Askari anachungulia kama gari yako ni fowili, kama siyo unageuza, hakuna kubembeleza, maana barabara inapanda kwa hasira na kurudi ndo kubaya zaidi, watu huunguza breki. Binamu alikuwa kaazima gari la kaka yake, na njia nzima alikuwa anaongea na injini kama mtu anayembembeleza punda. Si ajabu sana, maana kabla ya barabara ilikuwa punda kweli, kila kitu kilipanda na kushuka kwa punda, na makomamanga yenyewe pia.

Kioo cha gari kilisema digrii 38 tulipokuwa chini. Tulipofika uwanda wa Saiq, kama mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kikasema 24. Nikafungua dirisha. Hewa ya Lushoto hii, nikasema. Binamu hajawahi kufika Lushoto, akasema ndio.

## Kijani chenyewe kiko wapi?

Jabal Akhdar maana yake mlima wa kijani, na mie nilitegemea nikifika nione kijani.

Ni mawe.

Mawe ya kijivu, mawe ya rangi ya mchanga, mawe yaliyopandana kama vitabu, na huku na kule mreteni mmoja mkavu umejikunja kama bibi anayetafuta sindano. Niliudhika kidogo, sisemi uongo. Mpaka tulipoegesha gari kijiji cha Al Aqr tukasogea ukingoni, na pale ndo nikanyamaza. Chini yetu korongo, na ubavu mzima wa korongo umekatwa ngazi, ngazi juu ya ngazi, nyingine pana kama ukumbi, nyingine hazizidi upana wa mkeka wa msikitini, na kila ngazi imejaa kijani. Ukuta wa mawe, kijani, ukuta wa mawe, kijani, mpaka panapoanzia hewa tupu. Udongo wa mle watu waliupeleka wao, wakajenga ukuta, wakajaza nyuma yake, vizazi na vizazi. Mlima haukuwapa hata udongo.

Na kila kimo kina mti wake. Chini kabisa mtende na ndimu. Ukipanda, mtende unafika mahali haukubali tena kuzaa, hapo wanaingia aprikoti na mapichi, na huku juu ni mkomamanga na mawaridi, na jozi kwenye mabonde kama Wadi Bani Habib, pale penye kijiji cha udongo na mawe kilichohamwa. Miti kama jozi na aprikoti ina tabia moja inayonifurahisha: inahesabu baridi. Isipopata masaa yake ya baridi ya kutosha wakati wa kipupwe haichanui sawasawa. Ndo maana hata umwagilie vipi kule Muscat hupati kitu. Na baridi yenyewe inapungua, watafiti waliokwenda kupima kwenye vijiji hivi hivi walilichapisha hilo mwaka 2009, ila wenyeji hawakusubiri kuambiwa.

Mawaridi hatukuyakuta, msimu wake ni mwezi wa nne. Tulikuta vichaka tu vyenye miba, na mama mmoja nje ya nyumba yake anauza chupa za marashi na mafungu ya thomu. Nikafungua chupa moja nikanusa, nikadhani imeharibika. Ina harufu ya moshi, na rangi kama chai ya kuchovya mara ya pili. Kumbe ndo yenyewe. Mawaridi yanachumwa alfajiri kabla jua halijayakausha, yanaingia kwenye chungu juu ya jiko la udongo, ndani linakaa bakuli, juu kinafunikwa chombo cha maji baridi, mvuke unapanda unakutana na ubaridi unadondoka bakulini tone tone, na ule moshi unajiingiza humo humo, halafu wanayaacha wiki kadhaa yatulie. Siku hizi wapo wanaotumia gesi na mitambo ya chuma, yao yanatoka meupe kama maji ya kunywa. Mie nilikulia kwenye maulidi ya kurushiwa marashi kwa mrashi wa bati, yale ya dukani, meupe, matamu, kama sabuni. Nilinunua chupa ya moshi. Sijaamua bado kama naipenda.

## Nusu saa

Njia ya miguu inatoka Al Aqr inapita Al Ayn mpaka Shirayjah, na sehemu kubwa unatembea juu ya ukingo wa falaj wenyewe, mfereji mwembamba unaoingia mguu mmoja. Hapo ndo tulipomkuta.

Kijana wa Kibangladeshi, rika langu, kavaa kandambili na kashika jembe. Alikuwa kachutama kwenye mfereji anaangalia saa ya mkononi. Tukamsalimia, kaitikia bila kutoa macho kwenye saa. Tukasimama. Kama dakika mbili hivi. Halafu kainama, kang'oa jiwe lililofungwa kitambaa kutoka kwenye tundu la ubavuni mwa mfereji, kalisogeza akaziba mbele, na maji yakageuka. Hayakufanya kelele, yaligeuka tu kama mtu aliyeitwa jina lake, yakaingia kwenye ngazi ya kwanza, yakazunguka shina la mkomamanga wa kwanza, wa pili, na udongo ukaanza kutoa ile harufu.

Akanyanyuka, akacheka. Sasa alikuwa na muda wa kuongea.

Kiarabu chake ni kile cha vibarua wa Ghuba, kisicho na wakati uliopita wala ujao, na changu si kizuri hivyo, ila tulielewana. Yupo hapa miaka kumi na moja. Shamba si lake, mwenyewe yuko Muscat ofisini. Maji yanahesabiwa kwa athar, na athar moja ni nusu saa. Zamani walipima mchana kwa kivuli cha kijiti na usiku kwa nyota, nyota fulani ikichomoza mlimani zamu yako imeisha, hata kama miti yako bado ina kiu. Mtu anarithi nusu saa kama anavyorithi nyumba. Anaweza kuiuza, kuikodisha, au kuiwekea wakfu, kuna maji ya msikiti na zamu yake hupigwa mnada, pesa inarudi kuutengeneza mfereji. Ukikosana na ndugu yako mnaweza kukosana kwa sababu ya robo saa ya maji ya saa nane usiku.

Mwenye shamba lake ana athar mbili kila mzunguko. Yaani saa moja. Halafu unasubiri siku kadhaa mpaka zamu irudi, na mwaka huu chemchemi imekuwa dhaifu, kwahiyo hiyo saa moja inaleta maji kidogo kuliko saa moja ya zamani. Vitunguu na majani ya mifugo yanaachwa yafe kwanza, ili miti ipate.

Nikamuonyesha komamanga moja juu ya mti, limepasuka ubavuni, punje zinachungulia. Nikamuuliza, hili ugonjwa?

Akatikisa kichwa. Akaonyesha mfereji.

Maji yakichelewa, alisema, na hapo alitumia mikono zaidi ya maneno, ganda linakauka linakuwa gumu. Halafu zamu inafika, mti unakunywa kwa pupa, punje zinavimba ndani, ganda haliwezi kunyooka tena. Pa! Akapiga kofi moja.

Nilisimama pale nikamkumbuka mzee wa Nizwa na matunda yake mawili yaliyopasuka, yale niliyoyahesabu kama kasoro. Nilikuwa nimeshika risiti ya maji mkononi na sikujua kusoma.

(Binamu, ambaye hapendi mtu afurahi muda mrefu, akasema na ya Yemen hupasuka pia.)

Yale yenye baka jeusi habari yake nyingine. Kuna kipepeo anataga mayai kwenye tunda, kiwavi anatoboa anaingia, nje unaona kitundu tu lakini ndani kumeoza. Ndo maana matunda mengi mle yalikuwa yamevishwa vifuko vya kitambaa, moja moja, kwa mkono. Nilimuuliza nani kavisha. Aliniangalia kama nimemuuliza nani kala chakula chake.

## Manga

Njiani nilikuwa nalichezea neno lenyewe. Komamanga. Wazee wanalikata hivi: koma la Manga. Na Manga ni Arabuni, hasa huku Oman, bibi yangu akisema fulani kaenda Manga ujue kapanda jahazi. Kwahiyo nilikuwa nimekuja mpaka Manga kulitazama koma lake, nikaona nimefika kwenye shina la neno.

Lakini hebu angalia. Tuna pilipili manga, na pilipili manga asili yake India. Tuna kungumanga, na kungumanga imetoka visiwa vya Maluku huko Indonesia. Na komamanga lenyewe kwao ni Uajemi na sehemu za jirani, huku Oman nako lilikuja. Kumbe Manga haikuwa mahali kitu kilipozaliwa, ilikuwa mahali jahazi la mwisho lilipotoka. Watu wa pwani waliona kitu kinashushwa na Mmanga wakakiita cha Manga. Ni kile kile kinachofanyika Nizwa kila Ijumaa, lori limeshuka, tunda limeitwa la Jabal. Na sisi na karafuu zetu tusicheke sana, nazo kwao ni Maluku, na leo hakuna atakayekubali kwamba si za Zanzibar.

Nikamwambia binamu haya yote tukiwa tumekaa ukingoni, nimechangamka. Akaniacha nimalize. Halafu akasema, taratibu tu, "Babu yangu Unguja walikuwa wakimwita Mmanga. Hata alipokuwa na wajukuu kule, Mmanga. Tumerudi huku miaka ya sabini, baba yangu wakamwita Zinjibari. Mimi nimezaliwa Muscat, hospitali ya Muscat, na mpaka leo ofisini wananiita Zinjibari."

Akatema mbegu.

"Basi mimi ni komamanga la Yemen."

Tulicheka, ila kilikuwa kicheko kifupi.

## La nani sasa?

Tulitaka kununua. Kijana akasema yeye haruhusiwi kuuza, akampigia mwenye shamba, akampa binamu simu. Salamu za Waomani mnazijua, mpaka wamalize habari na afya na ilimu mie nilikuwa nimeshapigwa na jua. Jibu: hayauzwi, yote yameshaahidiwa kwa watu Muscat tangu mwezi wa saba. Ila sisi ni wageni, wageni hawarudi mikono mitupu, mpeni kijana simu. Na kijana akatujazia mfuko wa yaliyopasuka, bure.

Kwahiyo bei ya maji mpaka leo siijui. Nimepanda mita 2,000 nimerudi nayo sifuri.

Tukiwa tunashuka, gia ndogo, breki zinanuka, tulibishana. Mie nilikuwa nasema yule kijana ndo mwenye yale makomamanga kwa maana yoyote ya akili, miaka kumi na moja, anaijua zamu ya saa nane usiku, anavisha tunda moja moja, mwenye shamba anakuja Ijumaa kupiga picha. Binamu akasema we unaongea kama mtu asiye na shamba. Ukuta ule nani kaujenga? Ile athar nani kairithisha? Hapa watu walipigwa mabomu na ndege za Waingereza mwaka 1957 mpaka 1959, wakajificha mapangoni, wakatoka wakarudi kwenye ngazi zile zile, sasa akitokea mtu analipwa mshahara ndo la kwake? Na nilikuwa na jibu la hilo, jibu zuri tu, lakini katikati ya jibu nikakumbuka kwamba hata jina la yule kijana sikumuuliza. Saa nzima tumekaa naye, nimeuliza habari za kipepeo, za jiwe, za nyota.

Nikanyamaza mpaka chekipointi.

## Maganda

Usiku nilimtumia mama picha kwenye WhatsApp. Ngazi, mfereji, mfuko wa makomamanga. Nilitegemea aseme mashallah pazuri.

Akatuma sauti, sekunde sita. "Maganda umeyaweka?"

Maganda. Kwetu ganda la komamanga ni dawa ya tumbo, linakaushwa, linapondwa, linachemshwa, chungu kama nini sijui. Mama tunda lenyewe hana haja nalo. Na sisi tulikuwa tumesimama njiani tukala karibu mfuko mzima, maganda tukawarushia mbuzi waliokuwa pembeni ya barabara, wakagombania.

Yalibaki mawili. Nimeyamenya usiku ule ule, punje nikazitia bakulini, maganda nikayapanga juu ya mashine ya eisii kule nje kwenye baraza, kwa joto la Muscat. Siku ya pili yalikuwa yameshakunjana magumu kama ngozi ya kiatu. Yapo kwenye mfuko wa karatasi jikoni, nasubiri mtu anayesafiri kwenda Unguja.